Msiba Hauandikwi

Makambako,
24 Januari 1954

Kwa Baba Mdogo Marcelino,

Kamwene, Baba Mdogo. Habari za Lupingu, habari za kifua chako, na Mama Mdogo Margareth hajambo? Sisi huku tunapumua. Mtoto ana wiki tano sasa, ananyonya vizuri.

Kabla hujasoma mbele, tazama nani amekaa karibu nawe. Kama Baba yupo, ikunje barua hii uitie mfukoni, umwambie ni ya Padre, mambo ya mafundisho. Namjua. Akimwona tarishi anashuka mlima tu, anaacha nyavu zake na kukufuata mpaka mlangoni: "Nisomee." Hii usimsomee.

Mika amefariki.

Nimeandika, basi. Alianza kukohoa sikukuu ya Wafalme, kule Njombe kwenye shamba la miwati. Ilikuwa mvua na ukungu siku zote, naye akaendelea kubandua magome, akisema ni mafua ya baridi, yatapita. Tulipopata habari, mume wangu Gideoni aliomba nafasi kwenye lori, tukaenda wote na mtoto mgongoni. Tulimkuta bado anaongea. Ilikuwa homa ya mapafu. Alikufa Jumanne tarehe 19, alfajiri, nikiwa nimemshika mguu. Tumemzika kijijini Yakobi, huko huko Njombe, kwa sababu hakukuwa na namna ya kumfikisha ziwani. Bertila alikuja kwa miguu kutoka Kichiwa, akatupa udongo wake kama mke, ingawa harusi ilikuwa bado.

Baba Mdogo, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwetu msiba hauandikwi. Msiba unapelekwa kwa miguu. Anayeupeleka anaingia, anakaa chini, anausema kwa kinywa chake, na ndugu wamejaa ndani kumshika aliyefiwa. Mama alipokufa ulitembea siku mbili mpaka shuleni kwa masista kuniambia, wala hukutuma karatasi. Nami nitakuja mwenyewe. Lakini mtoto ni mchanga, njia ya kushuka huko imekuwa utelezi mtupu, na mito imejaa. Gideoni anasema mpaka Mei. Mpaka Mei, basi, wewe utajua na Baba hatajua habari za mwanawe.

Nisamehe kwa mzigo huu. Akiuliza habari za harusi baada ya Pasaka, mwambie Mika ana kazi nyingi.

Mimi mwanao,
Letisia


Lupingu,
20 Februari 1954

Mwanangu Letisia,

Salamu za huku ni za uzima, ukiuliza miili. Mama yako Mdogo anakohoa kidogo, mimi nasumbuliwa na mgongo, na baba yako hana hata chafya. Mpe mjukuu wangu busu la mashavu yote mawili.

Barua yako nilikwenda kuisoma kanisani, nikafunga mlango. Nililia mpaka nikasahau kwamba baba yako amekaa nje kwenye ngazi. Nilipotoka akanitazama usoni, akaniuliza Padre ameandika nini cha kumliza mtu mzima hivyo. Nikasema ni jino. Akaenda akaniletea mizizi ya kutafuna, michungu ajabu, akakaa mpaka nikaimaliza yote mbele yake. Hiyo ilikuwa adhabu ya kwanza ya uongo wangu.

Wiki nzima jino lilinisaidia. Jumapili iliyopita akaja baada ya ibada. "Mdogo wangu," akasema, "tarishi ameshuka mara mbili. Mwanangu hajawahi kukaa miezi miwili bila kuandika. Kama kuna jambo, sema." Letisia, alinitazama kwa macho yale, na mimi peke yangu, hakuna ndugu wa kumshika. Nikaingia ndani nikatoka na karatasi. Ilikuwa orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Nikaishika mbele ya uso wangu nikasoma: "Baba mpendwa, mimi ni mzima."

Wewe unayajua maswali yake. Je, kuna baridi? Je, anakula? Kila swali nilipata jibu, na kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyofunguka, hata nikaona raha, Mungu anisamehe. Kisha akauliza, "Na wakwe wa Kichiwa wanasemaje?" Hapo ulimi ukateleza. Nikasoma kwamba wakwe wanasema huko kwao hawajawahi kuona samaki mkubwa wa ziwa, wanaletewa dagaa tu, na wanangoja kwa hamu waone baba wa bwana harusi atakuja na nini.

Heri ningejikwaa kidole. Unajua desturi ya nyumba yetu: baba wa kijana hupeleka samaki aliyemvua kwa mkono wake, na wa kununua ni aibu. Baba yako alipooa, babu yako ndiye aliyewapelekea wakwe. Sasa mzee amesimama, amenyoosha suruali, ameniambia, "Mwandikie. Mwambie watamwona." Na huyu ni mtu ambaye tangu Noeli hajaleta visamaki vya kujaza sufuria moja. Wavuvi wengine wanamtania ufukweni kwamba samaki wamemzoea, wanamwamkia shikamoo wanapita. Anacheka nao. Ana miaka sabini, jicho la kushoto limefanya ukungu, na mtumbwi wake una ufa niliouziba mimi mwenyewe, kwa hiyo unajua umezibwa vibaya.

Kuna jambo jingine linaninyima amani. Huku mtu akifiwa, mtumbwi wake hufunikwa kifudifudi mchangani, haingii ziwani mpaka matanga yaishe. Kaka amefiwa na mwanawe wa pekee, naye kila asubuhi anausukuma majini akipiga mluzi. Mwiko anauvunja yeye, lakini mvunjishaji ni mimi.

Ni mimi baba yako Mdogo,
Marcelino


Makambako,
9 Machi 1954

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole na mgongo, na mwambie Mama Mdogo achemshe majani ya mkaratusi, huku yanatusaidia. Mtoto mzima. Gideoni anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikalia, mara ya tatu nikacheka kwa ajili ya ile mizizi, kisha nikakasirika tena. Nilikuomba unyamaze, Baba Mdogo. Sikukuomba umpe Mika sauti. Yule ni ndugu yangu na nilimfumba macho mimi. Sitaki aseme maneno ambayo hakuyasema.

Lakini nitakulaumu kwa lipi? Mimi niko huku kwenye moto wangu, wewe ndiye unayetazamwa na Baba kila siku.

Barabara ya Njombe imekatika sehemu mbili. Malori yamelala hapa njia panda siku nne, madereva wanapika viazi chini ya turubai. Nilimwuliza mmoja anayepita mpaka Ludewa, akaniambia mama, mwenye mtoto mchanga asijaribu. Kwa hiyo subira. Usimwambie peke yako. Baba akianguka hapo nani atamshika, wewe na mgongo wako? Mwambie samaki hatakiwi. Mwambie wakwe wamesema watakula kuku. Mwambie lolote, ila abaki ufukweni.

Bertila huja kila Jumamosi kunisaidia kufua. Hatuongei sana. Juzi aliniuliza Baba ni mtu wa namna gani, nikamwambia atamwona mwenyewe.

Mwanao,
Letisia


Lupingu,
31 Machi 1954, Jumatano

Letisia mwanangu,

Salamu leo utanisamehe, tarishi amesimama mlangoni na mguu mmoja nje.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nikafanya kama ulivyosema, nikamsomea kwamba wakwe watakula kuku. Kumbe nimemwaga mafuta motoni. Akasema, "Wamesikia sipati kitu. Wananionea huruma." Mzee gani anapenda kuonewa huruma na watu wa kuku?

Jumatatu alfajiri ameondoka na mshipi mrefu, ule wa kamba nene, na ndoana tatu za kufuliwa na mhunzi. Wavuvi walimwona akipita rasi na kuendelea kwenye kina, mahali wao wenyewe hawaendi wakiwa wawili. Jumatatu mchana upepo wa mwera ukaanza. Jana umevuma kutwa. Leo bado unavuma. Mitumbwi miwili imetoka kumtafuta imerudi mitupu.

Nipe ruhusa nimwambie. Najua ni maneno ya kijinga, nimwambie nani? Lakini akirudi, nipe ruhusa. Ningemwambia Februari, mtumbwi ungekuwa umefunikwa mchangani na yeye angekuwa ndani, analia, lakini ndani.

Margareth amesimama ufukweni tangu jana. Tuombeeni.

Marcelino


Lupingu,
5 Aprili 1954

Mwanangu mpendwa Letisia,

Amerudi! Naanza na hilo ili uweze kusoma mengine ukiwa umekaa. Amerudi Alhamisi jua likiwa kichwani, mzima, ingawa ukimwona utasema nimetia chumvi kwenye neno mzima. Nategemea hii itaipita ile barua nyingine, ingawa tarishi wetu hana mbio.

Margareth ndiye aliyemwona kwanza, akapiga kelele. Mtumbwi ulikuja taratibu, umezama karibu na ukingo, na mzee nyuma anapiga kafi mara moja, anapumzika, anapiga tena. Tulidhani umejaa maji. Ulikuwa umejaa samaki. Kambale, Letisia, mmoja peke yake, kichwa mbele na mkia chini ya magoti ya baba yako. Tulimbeba watu wanne. Wale vijana wa utani walimbeba bila kusema neno, na mmoja akamwita kaka "Baba" kwa mara ya kwanza.

Ngoja nikupe hadithi kama alivyonipa, akiwa amelala, nikimpaka mafuta mikononi. Viganja vilikuwa vimechanika mpaka nyama nyekundu inaonekana.

Kambale alishika ndoana Jumatatu mchana, wakati ule ule upepo ulipoanza. Kaka akajua angekata kamba angerudi nyumbani kabla mawimbi hayajakua. "Kisu nilikuwa nacho," akaniambia, "nikakitazama, nikakikalia." Akamvuta, akamwachia, akamvuta. Jumanne samaki alichoka, akaja juu, na ndipo taabu yenyewe ilipoanza. Mtu mmoja, tena wa miaka sabini, atamwinuaje mnyama wa uzito ule kumwingiza kwenye mtumbwi mwembamba? Akiinamia upande mmoja unapinduka. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alianguka majini yeye.

Unajua alifanya nini? Akauzamisha mtumbwi. Kwa makusudi! Akaukalia ukingo mpaka ukajaa maji na kuwa sawa na uso wa ziwa, kisha akamwelekeza kambale aogelee mwenyewe kuingia ndani, kama anaingia kwake. Akamfunga mdomo kwenye gogo la kukalia. Halafu yeye akabaki majini, mkono mmoja umeshika mtumbwi, mwingine unachota maji kwa kata. Anachota, wimbi linajaza. Anachota, linajaza. Nilimwuliza kwa muda gani. Akasema, "Nilihesabu mpaka elfu, halafu nikaona ninajichosha kwa kuhesabu."

Mtumbwi ulipoanza kuelea hakuwa na nguvu ya kupanda. Akaning'inia nyuma mpaka kukapambazuka. Nilimwuliza hakuogopa? Maana ziwa letu lina baridi kule kwenye kina, na mamba wapo. Akasema aliogopa. Akasema kilichomweka hai ni kufikiria uso wa mwanawe. "Nilikuwa namwona Mika amesimama mbele ya wakwe zake," akasema, "na mimi naingia na mzigo huu begani." Letisia, niliendelea kupaka mafuta. Sikuwa na uso wa kumwonyesha.

Kambale amepasuliwa, yuko kwenye kichanja anakaushwa kwa moshi. Kaka hataki nzi atue. Amekataa hata supu ya kichwa, amesema kichwa ni cha baba yake Bertila. Watu wanatoka vijiji vya jirani kuja kumwona, naye anamweleza kila mmoja: ni wa harusi ya mwanangu.

Halafu jana akaniambia nimwandikie Mika. Nikaandika, nitafanyaje? Naiweka humu ndani pamoja na hii. Usiisome kama huna moyo wa kuisoma.

Baba yako Mdogo,
Marcelino


Makambako,
20 Aprili 1954

Baba Mdogo,

Sina salamu. Leo nimepata barua yako ya Machi. Wiki tatu! Wiki tatu Baba yuko ziwani na mimi nimepika Pasaka, nimekula, nimecheka na majirani.

Kama amekufa, niambie kwa karatasi, mimi ninaweza, usitembee. Kama yu hai, mwambie siku hiyo hiyo utakayopata barua hii. Acha desturi. Ita Margareth, ita majirani, wamshike, umwambie. Ruhusa unayo, nimeitia sahihi hapa chini kwa jina langu kamili.

Wala sikungojei. Gideoni amekubali. Tunaondoka wiki ya pili ya Mei, mvua inyeshe isinyeshe, na Bertila amesema anakuja. Natumaini tukifika tutakuta yamekwisha kusemwa na sisi tutakuja kulia tu.

Letisia Odilo


Makambako,
14 Juni 1954

Kwa Baba Mdogo Marcelino,

Tumefika salama. Mtoto hakuumwa njiani. Magoti yangu bado yanauma kwa ule mteremko.

Nimesubiri siku kumi hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, kwa hiyo naandika nayo.

Barua yangu ya ruhusa ulikuwa nayo siku nane kabla hatujafika. Mama Mdogo ameniambia, hajui kuficha. Siku nane, Baba Mdogo! Na asubuhi ile ulipotuona kwenye kona ya mlima ukachukua fimbo na vitabu, ukasema unakwenda kufundisha kijiji cha pili. Jumamosi. Tangu lini kuna mafundisho Jumamosi? Ulirudi siku ya nne, ukanipa mkono bila kunitazama, na mimi nikashindwa kusema mbele ya watu. Hukuwapo, basi nitakueleza, kwa sababu ni haki yako kujua ulichokikimbia.

Baba alikuwa anatungoja mlangoni amevaa kanzu ya kanisani. Aliponiona, akatazama nyuma yangu. Akamwona Gideoni, akamwona Bertila, akaendelea kutazama nyuma. Akasema, "Mwenyewe yuko wapi? Amechoka na mteremko?" Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikakaa chini kwenye mchanga, Bertila akakaa chini, na Baba akatutazama tulivyokaa, na akajua. Hakuna anayekaa hivyo akiwa na habari njema.

Hakuanguka. Nilikuwa nimemkamata mkono bure. Akauliza jambo moja: "Lini?" Nikasema Januari, tarehe kumi na tisa. Midomo yake ikawa inacheza. Nilifikiri anasali. Kumbe alikuwa anahesabu Jumapili ulizomsomea. Akasema, "Ile ya kwamba ana blanketi jipya?" Akasema tena, "Ile ya kwamba wakwe hawajaona samaki?" Alizitaja barua zako zote, Baba Mdogo, moja moja, na kila moja nilipaswa kutikisa kichwa. Nikawa kama ninamuua Mika mara sita. Kumbe zilikuwa sita! Wewe uliniandikia habari za mbili.

Kisha akaenda ufukweni mwenyewe, akaufunika mtumbwi, akakataa kusaidiwa.

Yule kambale wa barua yako ya Aprili aliliwa matangani. Baba alimtoa kwenye kichanja siku ya pili. Watu walisema abaki, auzwe, akasema hapana. Alichukua kichwa akamwekea Bertila mbele na kusema, "Huyu alikuwa wenu." Bertila alikula. Alikula chote, machozi yanaingia sahanini, na Baba amekaa mbele yake anamtazama mpaka akamaliza. Sijawahi kuona chakula kinaliwa namna ile, na sitaki kuona tena.

Nilimwomba aje tukae naye Makambako. Amesema baridi ya huku imekwisha kula mmoja.

Alisema pia kwamba hana mdogo. Wewe ni mtu uliyetembea siku mbili kwa ajili yangu, ndiyo maana bado nakuandikia. Lakini nimechoka, na sitaandika tena upesi.

Letisia


Lupingu,
3 Oktoba 1954

Mwanangu Letisia,

Nakusalimu, ingawa barua zangu mbili za Julai na Agosti hukuzijibu. Sikudai. Nategemea mtoto ameota meno na Gideoni ni mzima. Huku Mama yako Mdogo hajambo, mgongo wangu ni ule ule.

Uliyoniambia yote ni kweli. Nilikimbia. Niliketi nyuma ya kanisa la kijiji cha pili siku tatu, bila mwanafunzi hata mmoja, nikisikia kilio chenu kikipanda mlima. Nilipopata barua yako ya ruhusa nilisema kesho. Kesho yake nikamkuta anafukuza nzi wasitue juu ya kambale, akiimba. Nikasema kesho. Ndivyo siku nane zinavyokwisha. Nimeungama kwa Padre, amenipa sala za kusali, nimezisali. Hazikufika mahali panapouma.

Kaka hajasema nami tangu Mei. Nyumba zetu zimeachana hatua arobaini tu. Nikimwamkia anatazama ziwa. Kanisani hukaa benchi la mwisho ili atoke kabla sijashuka. Ziwani harudi, ingawa matanga yalikwisha zamani na wavuvi walikwenda kwa heshima kumwambia mtumbwi wake unapasuka kwa jua. Viganja vimepona vibaya, vidole viwili havinyooki. Margareth humpelekea chakula, naye hula nusu. Nilidhani tutazikana hivyo.

Leo baada ya ibada nilikuwa nimekaa mlangoni. Akaja. Mwenyewe, polepole, na fimbo. Akavuta kigoda chake, kile cha zamani, akakiweka pale pale alipokuwa akikiweka, akakaa. Hakunisalimu. Akasema, "Nisomee."

Nikamwambia, kaka, hakuna barua. Letisia hajaandika.

Akasema, "Sikuuliza ya Letisia."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia kaka, nisamehe, nilikudanganya, Mika alikufa, yuko Yakobi, unajua yuko Yakobi. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Najua alikokuwa na najua aliko. Nimekaa miezi minne na ukweli wenu. Ukweli hauna la kuniambia jioni. Nisomee."

Ungefanya nini, Letisia? Nilikwenda ndani nikatoka na karatasi. Sikutazama nimeshika nini. Nikasema, "Baba mpendwa, mimi ni mzima." Akafumba macho. Akauliza je, kuna baridi. Nikasema baridi imeanza kupungua, asubuhi tu. Akauliza anakula nini. Nikasema viazi, na njegere mbichi, na kwamba Bertila anapika vizuri. Hapo machozi yakamtoka, lakini akanipa ishara ya mkono niendelee. Nikaendelea mpaka sauti ikaniisha. Nilipokunja karatasi akasema, "Ameandika fupi leo."

Akainuka. Alipofika uani akageuka, akaniita mdogo wangu, akasema Jumapili atakuja tena.

Mwanangu, sijui hii ni dhambi au ni chakula cha mgonjwa. Nitaiungama vipi, nami nikijua Jumapili nitairudia? Uliniambia hutaki Mika aseme maneno ambayo hakuyasema, na nilikubali. Ukinikataza tena nitaacha. Nitakwenda nimwambie Letisia amekataza, na hatanilaumu mimi.

Lakini kama hukatazi, nisaidie. Mimi sijafika huko tangu barabara haijapanuliwa, na wiki ijayo sitakuwa na la kusema. Niandikie malori yanayopita njia panda sasa ni mangapi, mashamba ya mahindi yameanza kulimwa au bado, mvua zinatazamiwa lini, na miwati wanabandua upande gani. Mambo ya kawaida tu, ya kijana anayefanya kazi. Uiwahishe kwa tarishi, ifike kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Baba yako Mdogo,
Marcelino